Redio Iliyozaliwa Vitani: Serikali, Kisomali na Kaskazini Mashariki

 

Nitaanza na ramani, kwa sababu mengi nitakayoyasema jioni hii yanatoka humo. Mkipima kwa mstari ulionyooka, Garissa iko karibu katikati ya Nairobi na Kismayu, kilomita 320 hivi upande huu na kiasi hicho hicho upande ule. Mandera iko kilomita zipatazo 440 kutoka Mogadishu, lakini ni zaidi ya 800 kutoka Nairobi. Barabara inaweza kuwekwa kizuizi na mtu akadaiwa kipande, lakini wimbi la redio hupita. Hufika kwa kadiri ya nguvu ya mtambo, umbali na saa yenyewe, maana usiku mawimbi ya masafa ya kati hurudishwa chini na tabaka za juu za anga na kusafiri mbali kuliko mchana. Kwa hiyo msikilizaji wa Mandera aliyefungua redio yake baada ya sala ya isha, katika miaka ya 1960, alikuwa jirani wa Mogadishu kuliko wa mji mkuu wake. Nairobi ililielewa jambo hilo kwa kuchelewa, na vita ndivyo vilivyoifunza.

Hoja yangu ni moja, na nitaisema wazi mapema ili mnipime nayo. Katika nchi yetu, lugha za Waafrika hazikupewa redio ya serikali kwa sababu wasemaji wake walikuwa raia wenye haki ya kupata habari. Zilipewa pale serikali ilipowahitaji wasemaji hao kwa ajili ya vita, au ilipowaogopa. Kiswahili kilipata nafasi yake hivyo, Kikuyu hivyo, na Kisomali hivyo hivyo. Nani aliitwa lini kwenye kipaza sauti, na nani aliachwa nje, ni historia ya taifa hili inayosikika kwa masikio.

Redio ya kwanza nchini ilianza Nairobi mwaka 1928, mikononi mwa kampuni iliyoitwa British East African Broadcasting Company. Ilizungumza Kiingereza, ikayapokea matangazo ya London na kuyarusha upya, na wasikilizaji wake walikuwa walowezi. Baadaye kazi hiyo ilishikwa na Cable and Wireless. Sikai sana hapo, kwa kuwa redio ile haikuwa na neno kwa mtu wa Garissa.

Wakati huo huku kwetu palikuwa pamefungwa. Mwaka 1926 ile iliyoitwa NFD, yaani Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini, ilitengwa kisheria, na sheria ya mwaka 1934 ikaongeza mkazo: mgeni asiingie bila kibali, mwenyeji asitoke bila ruhusa. Habari za serikali zilitembea kwa miguu na kwa ngamia. Mkuu wa wilaya, DC, alimwambia chifu, chifu akaitisha baraza, na dubas, askari mwenye kilemba chekundu, akasimama kando kuhakikisha watu wamesikia. Habari nyingine, zile ambazo watu walizitaka hasa, za mvua, malisho, bei ya ng'ombe na magomvi ya visima, zilikuja na wasafiri, na aliyefika kutoka mbali hakupewa chai bila kuulizwa ameona nini njiani.

Ulimwengu wa nje ulikuwa umeshagundua nguvu ya hewa. Mwaka 1934 Italia ya Mussolini ilianza kutangaza kwa Kiarabu kutoka mji wa Bari, na mwaka uliofuata ikaivamia Ethiopia, jirani yetu. Waingereza walijibu kwa kuanzisha idhaa ya Kiarabu ya BBC tarehe 3 Januari 1938. Kisha tarehe 27 Juni 1939, vita vikinukia, London ikatangaza kwa Kiswahili kwa mara ya kwanza. Tazameni tarehe hiyo. Himaya ilikuwa imetawala pwani na bara kwa zaidi ya miaka 40 bila kuona haja ya kumwambia Mswahili habari kwa lugha yake hewani. Haja iliingia miezi miwili kabla ya vita vya dunia.

Vita vilipokuja, vilifika Kenya kupitia mlango wetu. Julai 1940 Waitalia waliiteka Moyale. Mto Tana ukawa mstari wa ulinzi na Garissa ikawa kambi. Walikuja askari wa King's African Rifles, Wanigeria, watu wa Gold Coast ambayo sasa ni Ghana, na Waafrika Kusini. Desemba 1940 walishambulia El Wak. Februari 1941 Jenerali Alan Cunningham aliwavusha mpaka: Afmadow ikaanguka tarehe 11, Kismayu tarehe 14, na tarehe 25 brigedi ya Wanigeria ikaingia Mogadishu. Tarehe 6 Aprili walikuwa Addis Ababa. Mji huu wetu wa Garissa, ambao kwa miaka mingi ulitajwa Nairobi kama mahali pa joto na adhabu, ulikuwa kwa miezi kadhaa mlango wa vita vizima vya Afrika Mashariki.

Karibu watu laki moja kutoka Kenya waliingia jeshini katika vita vile. Wengine walipigana hapa Pembe ya Afrika, wengine wakapelekwa hadi Burma. Walioachwa nyumbani walitaka kujua kama mume yu hai, na serikali nayo ilitaka watu waendelee kujiandikisha, wazalishe chakula na wasiamini uvumi. Kwa haja hizo mbili matangazo ya Kiswahili na ya lugha nyingine chache yakaanza Nairobi. Gazeti la *Baraza*, lililoanza mwaka 1939, lilifanya kazi hiyo hiyo kwa wanaosoma. Mambo yalikuwa vivyo hivyo kwingineko: kituo cha Lusaka kilifunguliwa mwaka 1941 ili kuzifikia familia za askari, na kikaja kuwa miongoni mwa vituo mashuhuri vya Waafrika kusini mwa Sahara. Vita vilifungua milango ambayo amani haikuigusa.

Je, Kisomali? Hapa inabidi tuvuke mpaka, kama ambavyo habari zetu zimevuka siku zote. Agosti 1940 Waitalia waliwafukuza Waingereza kutoka Somaliland. Machi 1941 Waingereza walirudi kupitia bandari ya Berbera, wakaiweka nchi chini ya utawala wa kijeshi uliodumu hadi 1948, na makao makuu yakahamia Hargeisa. Humo, mwaka 1943, vita vikiwa bado vinaendelea, utawala ule ulifungua kituo kidogo cha redio. Kiliitwa Redio Kudu, jina la tandala ambaye kichwa chake kilikuwa kwenye nembo ya Somaliland. Baadaye kikaitwa Redio Somali, kisha Redio Hargeisa, jina ambalo wengi wenu mnalijua.

Mtambo ulikuwa mdogo na haukuwa wa kutikisa anga la Garissa. Lakini katika chumba kile cha Hargeisa lilitokea jambo lililobadilisha maisha ya kila msemaji wa Kisomali, pamoja na wa kwetu. Kisomali wakati huo hakikuwa na hati rasmi. Hati ya Kilatini iliidhinishwa Oktoba 1972, miaka 29 baadaye. Habari zilimfikia mtangazaji kwa Kiingereza. Akiwa na karatasi ya Kiingereza mkononi, alitakiwa afungue kinywa na kusema Kisomali ambacho bibi kizee aliye kisimani angekielewa bila kuuliza. Hakuwa na kamusi ya kushika wala mwalimu wa kumsahihisha. Alikuwa na ujuzi wake wa lugha, na hofu ya kuchekwa na wasikilizaji wanaojivunia ufasaha kuliko mali. Mwanaisimu B. W. Andrzejewski, aliyekisoma Kisomali kwa miaka mingi, ameeleza jinsi vituo vya redio vilivyokuwa karakana ya maneno mapya ya siasa, sayansi na utawala. Maneno mengi ambayo mwanafunzi wa leo huyakuta kitabuni yalitamkwa kwanza hewani, na watu waliokuwa na dakika chache tu za kuyafikiria kabla ya taarifa ya habari.

Kituo kile pia kiliwapa wasanii nafasi. Abdullahi Qarshe, anayeitwa na wengi baba wa muziki wa kisasa wa Kisomali, alifanya kazi katika redio ya Hargeisa. Alizaliwa mwaka 1924 Moshi, Tanganyika, chini ya Kilimanjaro, kabla ya familia yake kuhamia Aden. Naona fahari kulisema hilo katika ukumbi huu, kwa sababu mara nyingi tunaambiwa kwamba Wasomali wa Afrika Mashariki ni wageni wa jana. Aliyelifunza taifa la Wasomali kuimba na udi alizaliwa katika nchi ya Kiswahili.

Waliofungua redio ile ya kijeshi walitaka chombo cha kutuliza na kuelekeza. Walikipata. Lakini walichokijenga pia ni mahali ambapo mtu wa Hargeisa, wa Burao na wa Berbera walisikia lugha yao ikisema nao kwa pamoja, na hilo lina nguvu ambayo hakuna afisa angeliweza kuizima baadaye. Mwaka huo huo wa 1943 vijana wa Mogadishu walianzisha chama kilichokuja kuitwa Somali Youth League. Kiliota matawi hadi Garissa, Wajir na Mandera, na mwaka 1948 serikali ya kikoloni ikakipiga marufuku katika NFD.

Nitapita haraka kwenye vita vilivyofuata, maana vinajulikana zaidi. Hali ya hatari ya wakati wa Mau Mau ilitangazwa Oktoba 1952. Mwaka 1953 Nairobi ikaanzisha idhaa maalumu ya Waafrika. Lugha zinazotajwa ni Kiswahili, Kidholuo, Kikuyu, Kinandi, Kiluhya, Kikamba na Kiarabu. Kisomali hakimo. Mwaka 1954 likaundwa Kenya Broadcasting Service, na vituo vya mikoani vikafunguliwa: Mombasa kulikuwa na Sauti ya Mvita, na vingine vilikuwa Nyeri na Kisumu. Kaskazini hakikujengwa chochote. Nyeri ilipata kituo kwa sababu vita vilikuwa Nyeri. Sisi tulikuwa kimya, tumefungiwa, na kimya chetu kilichukuliwa kuwa utulivu.

Hewa haikukaa tupu. Mwaka 1951 redio ilianza Mogadishu, chini ya Waitalia waliokuwa wamerudi kama wadhamini kwa niaba ya Umoja wa Mataifa. Tarehe 18 Julai 1957 BBC ikaanzisha idhaa yake ya Kisomali. Kisha zikaja redio ndogo za transista zinazotumia betri, ambazo mtu aliweza kuzifunga kwenye mzigo wa ngamia. Kwa jamii ya wafugaji jambo hilo lilikuwa kubwa mno. Umeme haukuwapo, na gazeti la Kisomali halikuwapo kwa kuwa hati rasmi haikuwapo. Redio iliingia moja kwa moja katika utamaduni wa watu wanaosikiliza kwa makini na kukariri. Mmoja akisikia taarifa usiku, kesho kisima kizima kinaijua, na mara nyingi kwa maneno yale yale.

Tarehe 1 Julai 1960 Somalia huru ilizaliwa ikiwa na nyota yenye ncha tano kwenye bendera yake, ncha moja ikiwa ya NFD. Oktoba 1962 Uingereza ilituma tume ya watu wawili, G. C. M. Onyiuke wa Nigeria na Meja Jenerali M. P. Bogert wa Kanada, iwaulize watu wa NFD wanataka nini. Waliripoti kwamba Wasomali, karibu kwa kauli moja, walitaka kujitenga na Kenya. Machi 1963 waziri wa makoloni, Duncan Sandys, akatangaza kwamba NFD haitajitenga, ila utaundwa mkoa wa saba, Kaskazini Mashariki. Somalia ilivunja uhusiano na Uingereza. Mwezi Mei Wasomali wa mkoa huu waligomea uchaguzi. Mwezi Juni Daudi Dabasso Wabera, DC wa Isiolo, aliuawa huko Modogashe. Kenya ilipata uhuru tarehe 12 Desemba, na kabla ya mwezi huo kwisha hali ya hatari ilikuwa imetangazwa huku kwetu, vita kati ya serikali na waliotaka kujitenga vikiwa vimeanza. Wakenya wengine walikuwa bado wanacheza ngoma za uhuru.

Hapo ndipo redio ilipogeuka uwanja wa mapambano. Mogadishu iliwahutubia watu wa NFD kwa Kisomali kama raia wake waliobaki nje ya mpaka, na ilitangaza pia kwa Kiswahili ili kuwafikia Wakenya wengine. Nairobi ilijikuta na kituo cha taifa ambacho taifa lenyewe, kwa upande huu, halikuwa likikisikiliza. Tarehe 1 Julai 1964 redio ilichukuliwa na serikali moja kwa moja, ikawekwa chini ya wizara ya habari ya Achieng Oneko, na kuitwa Sauti ya Kenya. Sauti hiyo ilipaswa ijibu kwa Kisomali, na ilijibu. Katika jamii ambayo gabay, yaani shairi, lilikuwa na uwezo wa kuwasha vita vya koo na kuvizima, mashairi yalikuwa na kazi hewani kama taarifa za habari. Shairi la upande huu lilijibiwa kwa shairi la upande ule.

Naomba tufikiri juu ya aliyekuwa katikati. Mfugaji mmoja, usiku mmoja, aliweza kusikia mtu yule yule akiitwa jambazi na kituo kimoja na shujaa na kingine. Vyote viwili vilidai kusema kwa niaba yake. Hakuna kilichomwuliza hali ya ng'ombe wake, na wakati huo ng'ombe na ngamia walikuwa wakifa na kuuawa, na watu wakikusanywa kwenye vijiji vya lazima chini ya ulinzi wa jeshi. Redio ya serikali ya Kenya ilipoanza kusema naye kwa lugha yake, ilimjia pamoja na bunduki. Kwa maoni yangu hilo ndilo jeraha ambalo uhusiano wa mkoa huu na utangazaji wa taifa umelibeba tangu hapo, na haliponi kwa kuongeza minara.

Ushahidi kwamba redio ilihesabiwa kuwa silaha uko kwenye mapatano yenyewe. Septemba 1967, katika mkutano wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika huko Kinshasa, Kenya na Somalia zilikubaliana kuheshimiana, kutatua tofauti zao, na kuacha uenezi wa uhasama kupitia vyombo kama redio na magazeti. Tarehe 28 Oktoba mwaka huo, mjini Arusha, Rais Kenyatta na Waziri Mkuu Mohamed Ibrahim Egal walitia saini maafikiano ya kumaliza vita, Rais Kaunda wa Zambia akiwa msuluhishi. Kunyamazisha vipaza sauti kulitajwa na wakuu wa nchi sawa na kunyamazisha risasi. 

Baada ya hapo lugha za kaskazini zilibaki katika redio ya taifa, Kisomali pamoja na Kiborana, Kirendille na nyinginezo, kwa saa zilizogawiwa kutoka Nairobi. Vipindi vilikuwa vizuri. Watangazaji wake walikuwa mabingwa wa lugha, na wengine ninawaheshimu kama walimu wangu. Lakini studio ilikuwa mbali, na hali ya hatari iliendelea huku hadi mwaka 1991. Msikilizaji aliambiwa mambo, naye hakuwa na mahali pa kujibu. Leo Shirika la Utangazaji la Kenya lina Iftiin FM hapa hapa Garissa, kwa Kisomali, na mtu hupiga simu akamkosoa mtangazaji mbele ya eneo zima. Naipenda redio hiyo kwa sababu hiyo hasa. Haikuhitaji vita ili ifunguliwe.

Kuna kazi imebaki, na ndiyo iliyonileta hapa. Historia hii ya redio imeandikwa kutoka kwenye mafaili ya waliotangaza: maafisa wa Nairobi, London na Mogadishu. Ya waliosikiliza haijaandikwa, na waliokuwa na umri wa miaka 20 mwaka 1963 sasa wamepita 80. Mashairi yaliyorushwa kwa kujibizana yamo vichwani mwao, na kila mwaka tunayazika pamoja nao.

Vijana, simu mlizonazo mifukoni zinarekodi vizuri kuliko mtambo wa Redio Kudu. Kaeni na awowe na ayeyo, babu na bibi zenu. Waulizeni redio ilikuwa ya nani, ilinunuliwa wapi, betri zilitoka wapi. Waulizeni walifungua kituo gani kwanza na kipi walikisikiliza kwa sauti ya chini. Waulizeni nani alieleza habari asubuhi yake kisimani, na nani hakuaminiwa. Watu wa Modogashe, Liboi, Buna na El Wak wahojiwe mapema, kwa kuwa vita viliwapitia wao mara mbili. Andikeni jina la mji na mwaka, na muombe ruhusa kabla ya kuhifadhi. Na mkipata gabay, msikate: rekodini lote, pamoja na jina la aliyelitunga, kituo kilicholirusha, na jina la aliyelijibu.